Edme Varachot Anaweka Chini Kijiti cha Kupimia Ngano

Baada ya miaka thelathini na minne katika soko la Mont-Aubry, ukiondoa miezi minne aliyofukuzwa, Edme Varachot, mpimaji wa ngano, anastaafu leo, tarehe kumi Frimaire, mwaka wa kumi na tatu wa Jamhuri. Kwa wanaohesabu bado kama mama zao, ni tarehe mosi Desemba 1804. Kesho huko Paris mtu anavishwa taji la ukaizari. Mzee Edme anasema hana haja ya kusubiri aone.

Alianza akiwa na miaka ishirini na mitatu, akamwapia mfalme kwamba atapima kwa haki. Tangu hapo ameapishwa mara nne zaidi, kila mara kwa serikali mpya na kwa mkono uleule. Mimi karani wa soko niliandika viapo hivyo, na nakiri nilichoka kabla ya kufika cha tatu.

Enzi zile tulikuwa na pishi mbili, vyombo vya kupimia ambavyo Edme alisawazisha ngano juu yake kwa kijiti. Moja ya kuuzia watu, nyingine ya kasri, ambayo kwayo wakulima walimpimia mwinyi mwenye kasri sehemu yake ya mavuno. Ya kasri ilikuwa kubwa, na kila ilipopelekwa kutengenezwa ilirudi imenenepa. Edme alijua. Alikuwa na watoto wanne wa kulisha, akanyamaza.

Machi 1789, baada ya mvua ya mawe kuteketeza mashamba, mfalme aliyefilisika alitaka kila parokia iandike malalamiko yake. Tulikusanyika kanisani, msimamizi wa kasri amekaa mbele. Watu wakataja kodi ya chumvi, wakataja njiwa wa mwinyi waliokula mbegu zetu na hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa. Ilipofika zamu ya pishi, watu wakamtazama msimamizi. Ndipo akasimama Claudine Pajot, mjane mwenye kishamba kidogo.

"Edme, wewe ndiye unayeishika kila siku. Kubwa au si kubwa?"

Edme akatoka. Tukadhani amekimbia. Akarudi na pishi zote mbili, akajaza ile ya kasri, akaimimina ndani ya ile ya soko. Ngano ikafurika mpaka miguuni pa msimamizi. Niliandika lalamiko lile papo hapo. Claudine hakumshukuru.

"Miaka kumi na tisa, Edme," alisema, kisha akainama na wenzake kuokota punje, maana njaa ilikuwa kali.

Kesho yake Edme akafukuzwa. Julai wakulima wakaasi, hati za kasri zikachomwa, naye akarudishwa kazini. Yaliyofuata mnayajua: mfalme akaondoka, vikaja vipimo vipya tusivyovielewa, wakaja askari kuchukua ngano kwa jina la uhuru. Edme aliwapimia wote, na wote wakamtukana. Kamati ya mapinduzi ilipomuuliza yuko upande gani, alijibu, "Wa kijiti, raia wenzangu. Niacheni nimalize foleni."

Miaka yote hiyo, kila siku ya soko, Claudine alipitisha kiganja juu ya kipimo baada ya Edme kusawazisha, ahakikishe mwenyewe. Edme alimsubiri amalize. Juzi, siku ya mwisho ya Edme sokoni, bibi huyo wa miaka themanini alifungua gunia, akaacha mikono yake ndani ya shali.

"Mimina tu," akasema.

Edme akamimina, kisha akanikabidhi kijiti. Waliobaki kwenye foleni niliwapimia mimi.

Mzee Edme, asante. Tunakutakia miaka mirefu ya kukaa karibu na moto, mkate mezani, na asitokee mtu wa kukuapisha tena.