Bendera ya Mussa Kichwachini

Benchi la Majaliwa muuza kahawa liko Newala, mkabala na nyumba ya Mussa Kichwachini, na tangu asubuhi lilikuwa halikaliki kwa kelele. Uhuru ulikuwa keshokutwa. Korosho zilikuwa zikichomwa kila ua, na Mussa alikuwa amekaa katikati ya benchi, kakumbatia kifurushi cha gazeti kama mama aliyejifungua jana. Ndani mlikuwa na bendera mpya ya Tanganyika, imeshonwa na shemeji yake wa Lindi na kuletwa na lori, na yeye hajathubutu kuifungua. Mlingoti alikwisha kuusimika mbele ya nyumba. Kilichomnyima usingizi ni kimoja tu: upande gani uende juu. Maana jina la Kichwachini hakupewa na babaye. Zamani, alipokuwa askari bomani, aliipandisha bendera ya Kingi wa Uingereza kichwa chini, akafungwa, na mji mzima ukacheka. Watoto waliozaliwa baadaye wanamwamkia kwa jina hilo wakidhani ndilo alilotoka nalo jandoni. Keshokutwa majirani wote watakuja kumtazama, naye alitaka kwa roho yake yote aipandishe sawasawa, walau mara hii moja.

— Kijani juu, nakwambia! alisema Swalehe, ambaye watu humwita Redio kwa kuwa husikiliza redio ya dukani kisha akaiongezea habari. Imetangazwa. Kijani ndiyo ardhi.

— Ardhi juu, sisi watu weusi chini yake? aliruka Reginald, mtu wa misheni, aliyesoma shule ya Chidya na ambaye kila neno lake hulifunga kwa amina. Mtu aliye chini ya ardhi ni maiti, bwana! Nyeusi juu. Amina.

— Manjano juu, alisema Majaliwa akimimina. Manjano ni mali. Mali ukiiweka chini wataiokota wengine.

— Msinichanganye, alisema Mussa. Sheria nazijua mimi. Isiguse chini. Isinyeshewe. Jua likizama, ishuke. Nyumbani isitandikwe mezani wala isifungiwe mzigo. Na kwenye kamba yake kisianikwe kitu. Mke wangu Stamili nimeshamkanya, jana kaniuliza kama itabeba kanga mbili.

— Na juu?

— Hiyo juu ndiyo iliyonifunga.

— Sasa nani wa kukufunga, na Bwana Shauri wa bomani anaondoka? Paka akiondoka, panya hutawala.

— Kwa hiyo sisi panya, Redio?

— Methali tu hiyo, Reginald.

— Methali gani ya kututukana siku ya uhuru wetu? Tafuta nyingine!

Swalehe hakutafuta. Alivuta kahawa, akatia kashata mdomoni, akasogea mbele.

— Tena msicheze. Bendera kichwa chini ni kuomba msaada. Si ndivyo, Kichwachini?

Mussa aliitikia kwa kichwa. Ndivyo, walimfundisha hilo siku aliyotoka kifungoni.

— Haya basi! Ukikosea tu, manowari iliyoko Mtwara inaona, inakuja mbio kutuokoa!

— Itapanda mlima huu kwa maji gani? alicheka Majaliwa. Ya kahawa yenyewe wanawake wanayafuata bondeni.

— Za siku hizi zina magurudumu!

— Hata safina ilikaa juu ya mlima, alisema Reginald, akaanza kuiamini manowari. Amina.

— Umeona? Ifungue tuione, Mussa. Mficha uchi hazai!

— Bomani bado inapepea ya Malkia, nawe unataka nifungue hii njiani? Nipate jina la pili?

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja kwa njia ya Makote, muhogo kichwani, mkono mmoja kiunoni. Aliutazama mlingoti, akalitazama benchi, akatua mzigo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Mimi Sikudhani, mama Fakihi. Nganga yupo?

— Mganga?

— Si ule nti wake wa bendera? Waganga wote wana nti kama ule. Kiuno kinaniua.

Benchi lilipasuka kwa kicheko.

— Hapa hayapandi mashetani, mama! alipiga kelele Swalehe. Hapa inapanda Tanganyika!

Mussa hakucheka. Ilimuuma. Bendera yake haijapanda bado, nayo imeshaeleweka vibaya. Hasira ikauzidi woga, akalichana gazeti.

— Liwalo na liwe. Mama Fakihi, shika ncha hiyo. Shika vizuri, isiguse chini.

Wakaivuta baina yao: kijani, manjano, nyeusi, manjano, kijani. Ilikuwa mpya hata inanukia duka. Sikudhani aliinamisha shingo upande mmoja, kisha upande wa pili.

— Nzuri, alisema. Sasa juu ni wapi?

Redio ilikata. Reginald alifungua kinywa, amina isitoke. Majaliwa alizunguka akaitazama kutoka upande wa pili, akarudi alikotoka. Mussa aliomba waigeuze. Wakaigeuza. Kijani juu. Wakaigeuza tena. Kijani juu.

— Haina, alisema Mussa polepole.

— Haina nini?

— Haina kichwa chini! Jamani, hii ya kwetu haina kichwa chini!

Alianza kucheka, na machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta. Miaka yote ile! Akaikunja bendera, akaibana kifuani, akamgeukia yule mama.

— Ulikuwa unamtafuta mganga, mama Fakihi. Mganga ni wewe.

— Mimi? Na kiuno changu je?

— Mpeni kahawa! Mpeni kikombe kikubwa, nalipa mimi!

Majaliwa alilipindua dele la kahawa kichwa chini juu ya kikombe, akalitikisa. Halikudondosha hata tone.

— Imekwisha, alisema. Kichwachini wa Newala tangu leo ni hili dele langu.