Wapwa Watano Walipimwa

Kuna jambo moja ambalo mpaka leo sijalipatia jawabu. Sutan Bandaro alikuwa mwembamba kuliko sisi sote tuliokaa kwenye benchi la Uni Asnimar, dada mwenye kibanda cha chai. Utumbo hakugusa, ubongo wa ng'ombe hakutaka hata kuuona, na mchuzi wa tui aliuchovya kwa adabu kisha akaacha. Akafa ana miaka arobaini na minne, akifungua mlango wa duka lake asubuhi. Daktari wa mjini Bukittinggi alisema mishipa ya moyo ilikuwa imezibwa na lehemu, hiyo kolestro tunayoilaumu kila baada ya sikukuu. Lakini Tui, muuza nazi za kukuna, kilo tisini na nne, anayefyonza uboho mpaka mfupa ulie, yu hai na bado anagombea upande wa benchi usiovujiwa. Nimesoma, nimeuliza wanaojua. Kwa nini huyu kabaki na yule kaondoka, sijui.

Siku ninayoisimulia mvua ilikuwa ikinyunya juu ya barabara ya kwenda Payakumbuh, na arobaini ya marehemu ilikuwa imepita jana yake. Tulikuwa watatu: Tui, mimi, na Kimya, fundi cherehani, ambaye dada yake ndiye mjane wa Bandaro. Shingo, mkandaji, akaja mbio amejifunika mfuko wa nailoni kichwani.

Shingo: Majibu ya damu yametoka! Wapwa wote watano wa marehemu ni wazima.

Tui: Wote?

Shingo: Wote. Aliyezidi wenzake ana mia na themanini na tisa, na mwisho ni mia mbili. Ukoo umepona, jamani.

Tui: Alhamdulillahi. Uni, nipigie kiini kingine cha yai kwenye chai tumshukuru Mungu.

Uni Asnimar: Hicho cha tatu, Tui.

Tui: Kiini hakina neno. Kolestro ya yai hufia kwenye chai ya moto.

Shingo: Lete kisogo hicho. (Akakibonyeza kwa dole gumba, akafumba macho.) Mia mbili na kumi na nne.

Tui: Juzi ulisema mia mbili na sitini!

Shingo: Juzi ulikuwa umeshiba. Dalili ya mvua ni mawingu, bwana. Kolestro ikipanda, kisogo kinakaza.

Tui: Na marehemu je? Ulimkanda miaka kumi. Kisogo chake kilikwambia nini?

Shingo aliondoa kidole polepole.

Shingo: Kilikuwa laini. Laini kama cha mtoto.

Tui akakohoa.

Tui: Basi nisikilizeni mimi. Mafuta ni kama wageni. Ukiwa na nyumba kubwa kama hii yangu, kila mgeni anapata chumba, analala. Marehemu hakuwa na nafasi. Wageni wakahamia kwenye damu. Usione vyaelea, vimeundwa!

Shingo: Methali hiyo inaingiaje hapo?

Tui: Inaingia tumboni kwangu. Hili limeundwa.

Nikawaambia nilivyoelezwa na muuguzi wa kituo cha afya: kwamba sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini letu wenyewe, chakula huongezea tu. Wapo wanaozaliwa na ini lisiloweza kuiondoa kwenye damu, na hao wembamba wao hauwasaidii kitu. Haiumi, haiwashi, haikazi shingo. Ni damu tu inayosema, ikipimwa.

Shingo: Huzaliwa nayo, ndiyo! Ndiyo maana wazee wakakodi gari wakawapeleka wapwa. Na wametoka safi kwa sababu bibi yao alikunywa majani ya mstafeli miaka thelathini. Yamewashukia.

Tui: Yanashuka kwa wajukuu?

Shingo: Kwa upande wa kike. Damu ya kike ni nyepesi, ina mteremko.

Tui: Haya. Chururu si ndondondo.

Tulikuwa bado tunaitafuta maana ya hiyo pale alipovuka barabara yule mziba pancha aliyefungua kibanda chake wiki mbili nyuma. Ni Mbatak wa kaskazini, ambako mtoto hufuata ukoo wa baba, jina lake Togu Manullang, lakini sote tulimwita Lae, kama wanavyoitana wenyewe. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mpira. Aliomba kahawa, akasikiliza akiwa amesimama.

Lae: Samahani, wazee wangu. Huyo marehemu hakuwa na mtoto?

Tui: Anaye mmoja. Welni. Mwalimu wa shule ya msingi hapo juu.

Lae: Naye kapimwa?

Shingo: Lae, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Jina la Bandaro na shamba lake la mpunga vinakwenda kwa wapwa. Daktari alisema jamaa zake wapimwe, tumewapima jamaa zake.

Lae: Nimeelewa, kaka. Lakini baba yake Welni si ndiye aliyekufa?

Kijiko cha Uni Asnimar kilisimama ndani ya bilauri. Hapo kulikuwa na watu wanaoweza kukutajia nasaba ya nyumba zao mpaka kina mama tisa nyuma, na hakuna aliyekuwa amemhesabu Welni. Hata mimi, niliyekuwa nimetoka kusema neno “huzaliwa” kwa mdomo wangu, sikuwa nimemfikiria yule binti.

Uni Asnimar: Ana vile vidoa vya manjano kwenye kope. Kama vya baba yake.

Tui: Si tulisema ni alama ya riziki?

Ndipo Kimya akasema.

Kimya: Naviona kila siku.

Hakuinua macho.

Kimya: Hospitali, daktari alipowaeleza wazee kwamba vile vidoa ni lehemu, nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia. Lakini harusi ya Welni ni mwezi ujao. Tumeshabadilishana vitambaa vya ahadi na wakwe. Wakisikia habari za moyo, watarudi nyuma na kudai kitambaa chao. Nikasema harusi ipite kwanza.

Shingo: Mficha maradhi…

Akaishia hapo. Ni mara ya kwanza namwona Shingo akiacha methali njiani.

Lae: Ana miaka mingapi?

Kimya: Ishirini na sita.

Tui: Mimi nitakwenda kumwambia. Sasa hivi.

Uni Asnimar: Wewe ni nani kwake? Anayesema ni mjomba.

Hakuna aliyemhimiza. Kimya alikaa mpaka chai yake ikaganda utando juu, kisha akasimama, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akaelekea nyumba ya dada yake katikati ya mvua.

Jumatatu Kimya na Welni walikwenda kituo cha afya, wote wawili bila kula. Kimya alitoa mkono wake kwanza, binti asiwe peke yake. Yeye alikutwa salama. Welni alikuwa na mia tatu na kumi na nane. Muuguzi alimweleza kwamba atameza vidonge kila siku maisha yake yote, hata namba itakapokuwa nzuri, maana itakuwa nzuri kwa sababu ya vidonge. Apunguze tui na nyama za ndani, atembee. Akamwambia pia kwamba wengi walioanza mapema wamezeeka. Welni aliuliza kama baba yake naye angezeeka. Muuguzi alimwambia huenda.

Pale kwenye benchi Tui alikunywa chai kavu, bila kiini, kwa siku mbili. Shingo anakanda bado, lakini hasomi tena namba.

Likabaki la wakwe. Mama wa Welni alitaka wasiambiwe. Welni alisema hataingia nyumba ya ndoa na vidonge amevificha chini ya godoro. Basi ikaamuliwa waambiwe kabla kadi za harusi hazijachapishwa, na mwenye kusema ni mjomba. Ijumaa baada ya swala Kimya alikwenda peke yake, akiwa amekizungushia gazeti kile kitambaa cha ahadi walichopewa na wakwe, ili wakikitaka wasipate taabu ya kukiomba.