Dengu za Shamba la Baba

"Daktari anasema mdogo wangu amepungukiwa na madini ya seleniamu, na dengu zinayo," mshonaji alimweleza abiria wa pembeni ndani ya basi, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mpima udongo. Hotipoti ya dengu ilikuwa mapajani mwake. "Za dukani sikuzitaka. Hizi zimetoka shamba la baba."

"Dengu haijitengenezei madini, mama. Inakupa ilichopewa na udongo. Udongo ukiwa fukara, dengu inajaza tumbo tu."

Mshonaji akakaza kifuniko ambacho hakikuwa kimelegea. "Mdogo wangu amekula za shamba hilo tangu aote meno, na bado amepungukiwa," alisema taratibu.

Basi likasimama hospitalini. Mshonaji akashuka na hotipoti yake, maana mgonjwa haendewi mikono mitupu.