Mzee Ambakisye na Mkia wa Gari-nyumba

Bwana asifiwe, wapendwa wenzangu wa karakana ya Tunduma na ya Vwawa. Hamjambo? Mnaendeleaje na baridi hii ya mwezi wa sita? Huku stoo tunakohoa kidogo, lakini tunamshukuru Mungu, tupo kazini. Ni mimi Tabita, mtunza stoo. Ofisi imeniomba niandike habari za Mzee Ambakisye kwa ajili ya jarida letu, nami nimeichana karatasi ya kwanza na ya pili. Hii ni ya tatu.

Mzee Ambakisye anastaafu tarehe 30 Juni 2025, akiwa ametumika miaka thelathini na miwili kamili. Alikuja Juni 1993 kutoka Ikinga, Ileje, akaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Akajifunza kuchomelea. Mwaka 2000 akafanywa mkuu wa kitengo cha springi, na malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka mpaka yakawa yanamwulizia yeye kwa jina. Madereva wa Zambia walimsalimia kwa kelele getini, "Mulishani, bashikulu!" wakimwita babu wakati hata binti yake mkubwa hajaolewa. Aliitikia, kisha akawatania kwamba babu hulipwa kwa kuku.

Kipimo chake mnakijua. Gari lililokuwa likiburuza nyuma halikutoka kwake mpaka lipite juu ya kiatu chake cha kushoto, lile buti jeusi, alichokisimamisha mlangoni pale sakafu inapopanda. Kiatu kikianguka, gari linarudi. Alisema futi inaweza kusomwa vibaya, ila kiatu ukikiangusha kila mtu ameona.

Agosti 2019 wakaja wazee wawili wageni, mume na mke, wametokea upande wa Zambia na gari-nyumba, lile ambalo watu wanapika na kulala humo humo. Nyuma wamefunga keria ya chuma, na juu ya keria skuta. Walikuwa wanakwenda Mbebe kumwona mtoto wao wa ubatizo. Lakini kila tuta walilovuka lilikwaruza mkia, na barabara ya milimani walikuwa hawajaianza. Mzee akasimamisha kiatu. Gari likakiangusha, likakiburuza mpaka getini, naye akalifuata akichechemea na soksi. Meneja wetu, Bwana Eliakim, akamwambia, "Ambakisye, kimbia! Kiatu kinakwenda Nakonde bila pasi!" Tulicheka sana siku ile.

Wengine wangeinua springi tu wakamaliza. Yeye alilala chini ya lile gari asubuhi nzima, akatoka na kusema tatizo ni skuta kukaa mbali na magurudumu, inauvuta mkia chini kama mtu aliyening'inia kwenye ncha ya tawi. Akaongeza kipande kimoja cha springi kila upande. Akakata mikono ya keria, akaipandisha shibiri nzima na kuisogeza karibu na bodi. Tairi la akiba na madumu ya maji akayahamishia mbele. Mwisho akafunga vigurudumu viwili vya chuma chini kabisa, ili mkia ukigusa ardhi uteleze badala ya kukwaruza. Gari likapita juu ya kiatu, kiatu kikabaki kimesimama. Yule bibi mgeni akapiga makofi. Tukaweka mikono juu ya boneti tukaomba, kama desturi yetu, wakaondoka.

Siku ya pili keria ikakatika kwenye mteremko kabla ya Mbebe. Skuta ikabiringika mpaka shamba la maharage. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia, ila wale wazee waligeuza gari bila kufika kwa mtoto wao. Bwana Eliakim akasimama mbele yetu sote na kusema fundi wa springi ametuaibisha. Akamwondoa ukuu palepale. Tangu siku ile Mzee amekuwa akiosha vyuma kwa mafuta ya taa, kazi aliyoanzia, na waliojiunga nasi baadaye wanadhani hajui kitu kingine.

Sasa niseme kilichonifanya nichane karatasi. Mzee aliniagiza bolti nane ngumu za kufungia keria, zenye alama kichwani. Nilikuwa nakimbilia mazoezi ya kwaya. Nikachota kwenye kopo la bolti laini za mageti, zikiwa na grisi zinafanana, nikampa. Hakuangalia vichwa kwa sababu zimetoka mkononi mwangu. Ndizo zilizokatika.

Kwetu kila aliyegusa kazi huandika jina lake kwa chaki kwenye ubao. Jina langu lilikuwepo, "Tabita, bolti". Keria ilipoletwa, Mzee aliifuta grisi kwenye bolti moja, akaigeuza kwenye mwanga, akanitazama. Kisha akaenda ubaoni akalifuta jina langu kwa kiganja kabla meneja hajafika. Nilikuwa nimemzika mume wangu miezi mitatu nyuma, na ofisi ilishanionya mara mbili kwa makosa. Nilipomfuata jioni aliniambia tu, "Mama Gwantwa, wewe una watoto wanne. Mimi nina mgongo."

Nami nikanyamaza miaka sita. Kila Pasaka nilijiambia nitasema. Nimeimba mstari wa mbele kanisani nikiwa na jambo hili, na kila asubuhi nimemkabidhi mafuta ya taa kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Eliakim nikamweleza yote. Alivua miwani. Akasema haya yachapwe kama yalivyo, na kwamba Jumamosi kwenye sherehe ya kumuaga Mzee atasimama palepale aliposimama siku ile, aombe msamaha. Lakini Mzee, aliye kwao Ikinga kwa likizo yake ya mwisho, ameshatuma neno kwamba haji. "Kuleni pilau, mimi navuna mahindi." Osward, aliyejifunza kazi kwake na kushika nafasi yake, atampelekea jarida hili Ikinga kwa mkono.

Mzee Ambakisye, asante kwa kila gari lililopita salama juu ya kiatu chako, na kwa wanangu wanne waliosoma. Mungu akupe afya, mavuno, na usingizi mzuri kuliko wangu. Jina langu nimelirudisha ubaoni kwa chaki, safari hii halifutwi. Kiatu ulichotuachia kipo dirishani stoo, kimesimama, sijaruhusu mtu akiguse.

Hata usipotaka kuja, naomba unijibu upesi kupitia kwa Osward, angalau mstari mmoja.