Tenti ya Milango Miwili

NEKESA: Haloo? Ni ofisi ya kanisa hapa, Bungoma. Nani anaongea?

WABWILE: Mama Situma? Ni wewe?

NEKESA: Baba Situma. Ni mimi. Katekista alinikalisha hapa kwa simu tangu asubuhi, akasema bwana yako atapiga.

WABWILE: Mko aje?

NEKESA: Tuko.

WABWILE: Na mtoto?

NEKESA: Amelala hapa kwa mapaja yangu. Nimemfunika na leso ya bibi ya pasta.

WABWILE: Eliakim wa lori alinikuta hapa kwa posho mill nikifunga magunia ya unga. Akaniambia huko nyumbani Cheptais hakuna kitu imebaki. Ati hata jiko, hata ghala.

NEKESA: Hakuna.

WABWILE: Lakini nyinyi mlitoka. Si mlitoka?

NEKESA: Laini inakwaruza. Unapigia wapi?

WABWILE: Kwa duka ya Wahome, hapa Kitale. Eliakim alisema mnalala nje, mnataka tenti. Sasa niko nazo mbele yangu, mbili. Wahome alinunua kwa wazungu, wale walikuwa wanaenda kulala mlimani na watoto wao.

NEKESA: Kulala nje kwa kupenda?

WABWILE: Kwa kupenda, bana. Iko na picha kwa boksi. Baba, mama, na katoto kadogo kama Situma. Wameketi mbele ya moto wanacheka. Haloo? Umepotea?

NEKESA: Niko. Niambie hizo tenti.

WABWILE: Moja ni ndogo, kijani. Unaikunja unaitia begani, unatembea tu. Ni chumba moja, mlango moja. Ya pili ni turubai nzito, na vyuma. Hiyo mtu anabeba kichwani, ameishika na mikono yote miwili. Iko na pazia katikati, imegawanya vyumba viwili. Mlango mbele, mlango nyuma.

NEKESA: Chukua hiyo ndogo.

WABWILE: Ndogo aje?

NEKESA: Chukua ndogo upande lori ukuje haraka. Hapa kunanyesha, tunajifunika karatasi ya nailoni, watu kumi kwa karatasi moja—

WABWILE: Ngoja. Chumba moja, na mama yako atalala wapi?

NEKESA: Chukua tu, Baba Situma.

WABWILE: Nekesa, mimi nilale paa moja na mama mkwe, na kwetu ni mwiko? Watu watasema vita imenitoa akili. Yule mama nilimjengea nyumba yake ng'ambo ya uwanja, hata mkono hatujawahi salimiana. Nikipita anajifunika na leso. Sasa nikamkoromee kwa sikio?

NEKESA: Hiyo kitu isikusumbue.

WABWILE: Inanisumbua. Nachukua hii ya pazia. Yeye upande wake na mlango wake, sisi upande wetu.

NEKESA: Hiyo nzito itakuchelewesha.

WABWILE: Wacha inicheleweshe. (sauti mbali) Ndiyo, Wahome, naongea bado! Anataka kufunga duka, wanasema kuna lori imepita na vijana wamejipaka matope usoni, kama wale wa kuchoma nyumba. Mama Situma, mpe mama simu nimsalimie. Kwa simu si haramu.

NEKESA: Hayuko hapa.

WABWILE: Ameenda wapi?

NEKESA: Situma hataki kuingia mahali mlango ni moja. Jana walitaka kutulaza kwa stoo ya kanisa, akalia mpaka akatapika. Anashika mlango anauliza, "Na ingine iko wapi?"

WABWILE: Nekesa. Mama yako ameenda wapi?

NEKESA: Walikuja mchana. Mimi nilikuwa kwa shamba napalilia. Mtoto alikuwa amelala kwa kitanda yetu. Wakatupa moto kwa paa, wawili wakasimama mlangoni na mishale. Ng'ombe walikatwa miguu, wakaachwa wakilia hivyo. Nikakimbia, mmoja akanipiga na rungu hapa kwa shingo, nikaanguka kwa mahindi.

WABWILE: Wewe hukuniambia umepigwa.

NEKESA: Nikiwa chini hapo nikaona mama anatoka kwake. Hakukimbilia barabara. Aliingia kwetu.

WABWILE: Aliingia kwangu?

NEKESA: Mpaka chumbani kwako. Miaka yote hiyo hakuwahi hata kuchungulia. Alipita kati yao, mshale moja ikamwingia mgongoni, akaingia nayo. Akamtoa Situma kwa dirisha. Ile dirisha yetu ndogo. Mtoto akapita. Yeye hakupita.

WABWILE: Paa ilianguka?

NEKESA: Ilianguka. Nilimsikia. Sitaki kusema nilimsikia akisema nini.

WABWILE: Wahome. Ile panga ya juu. Hapana, ile ndefu. Ishushe.

NEKESA: Nilijua. Ndiyo sababu sikutaka kukuambia kwa simu.

WABWILE: Ni yule jirani yetu Kipketer aliwaonyesha nyumba. Nani mwingine anajua mtoto wangu hulala mchana? Tumekunywa naye pombe ya busaa kwa mrija moja—

NEKESA: Kipketer ndiye aliokota Situma chini ya dirisha. Akamficha kwa pipa ya mahindi yake, akanivuta na mimi. Walipojua, walimkata mkono wa kuume mbele ya watoto wake. Sasa unaenda kumkata wa kushoto?

WABWILE: Basi ni nani?

NEKESA: Watu sijawahi ona. Walishushwa na lori.

WABWILE: Mtu hawezi kosa mtu wa kuua, Nekesa. Lori ya hapa inapita Kimilili. Nitashuka hapo, nipande mlima na miguu mpaka Cheptais. Wakinimaliza, wanimalize, lakini sitaenda peke yangu. Yule mama aliingia kwa moto ndani ya nyumba yangu, na mimi nimeketi hapa nachagua tenti.

NEKESA: Na tutamzika na nani? Yuko hospitali hapa Bungoma. Vile alivyobaki. Nilikuja naye kwa mkokoteni, mtoto juu, mama chini. Nina hasira kuliko wewe, usifikiri sina. Nikifunga macho nawakata wote. Lakini huyu akiamka atauliza baba, na sitampa jibu ya pili kama hiyo ya kwanza.

WABWILE: Alikuuliza nyanya yake yuko wapi?

NEKESA: Anauliza kila saa. (laini inakwaruza) Baba Situma, ile tenti kubwa. Ulisema inabebwa aje?

WABWILE: Kichwani.

NEKESA: Na mikono?

WABWILE: Yote miwili.

NEKESA: Basi nimebadilisha. Leta hiyo.

WABWILE: Nekesa—

NEKESA: Leta hiyo nzito. Iko na milango mbili, mtoto ataingia. Na ukishuka nayo Kimilili, nione utapanda mlima ukishika nini.

WABWILE: Pazia nayo? Niitoe ipunguze uzito?

NEKESA: Wewe unaonaje?

WABWILE: Iache. Tutaifunga. Ule upande wake sitauvuka.

NEKESA: Sawa.

WABWILE: Wahome anapiga kaunta, anataka simu yake. Lori inawashwa. Ule mlango wa nyuma nitaufungua mimi mwenyewe, nimwonyeshe Situma unafunguka. Mwambie hivyo.

NEKESA: Nitamwambia. Wabwile, na panga?

WABWILE: Wahome, rudisha hiyo juu. Kuja unisaidie kuinua hii, nitwike kichw—

NEKESA: Haloo? Baba Situma? Haloo?