Chokaa ya Cheche

Kijiwe chetu kiko Quartier Industriel, kwenye ukuta wa kiwanda cha sabuni kilichofungwa zamani. Benchi ni mlango wa chuma wa kiwanda hichohicho. Tumeulaza juu ya matofali ya simenti, juu kabisa, mpaka mtu mfupi kama mwenzetu Waziri lazima asukumwe ndiyo apande, na akishapanda miguu inaning'inia. Tumezoea. Kahawa anatumiminia Mama Benite, mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, ambaye chumba chake kimeegemea ukuta huohuo kwa nyuma. Asubuhi hiyo tulikuwa tunamngoja ingénieur, yaani injinia. Kampuni moja inatafuta mahali pa kuweka batri kubwa za umeme, kila moja ni kama kontena, zitunze umeme wakati upo ili ukikatika mji usilale gizani, na kiwanda chetu wamekipenda. Vijana wao walishapita wakatuuliza: mvua ikinyesha, maji yanaingia humu? Cheche, fundi wetu wa kuchomelea vyuma, akadakia haraka kuliko mwenye nyumba: apana, hata tone. Tena kabla hawajaja alishaupaka ukuta chokaa. Mgeni akija huanzi kumwonyesha kidonda, ndivyo tulivyolelewa. Leo anakuja mkubwa wao mwenyewe, huyo ingénieur, kuamua.

— Wallahi, hiyo si batri, alianza Waziri. Jina lake ni Hamood, anauza vitambaa mtaa wa Asiatique, lakini akisema utadhani ametoka kikao cha serikali sasa hivi. — Hiyo inavuta radi. Radi yote ya masika inaingia mule, inalala, halafu wanatuuzia kidogo kidogo.

— We Waziri, radi haiuzwi, nikamwambia.

— Hata maji zamani hayakuuzwa. Leo unanunua ya chupa.

Docteur akatikisa kichwa. Huyo ni Landry wa taxi-moto, pikipiki ya abiria. Kwa vile kila siku anapeleka wagonjwa hospitali ya Kamenge, anajiona na yeye ametibu.

— Mi naogopa mambo ya afya. Kitu kinakusanya nguvu vile, kitachukua nguvu ya nani? Mutu akipita hapa kila siku, jioni anafika nyumbani hana kitu. Bibi yake atauliza.

— Bibi yako anauliza tangu zamani, sha! Waziri akadakia.

Tulicheka mpaka mlango wa chuma ukalia.

— Chekeni tu, alisema Docteur. — Mwenye macho haambiwi tazama, ndiyo maana kipofu anaishi miaka mingi.

— Hiyo methali umeiokota wapi? nikamuuliza.

— Mi nawaambia, Waziri akapandisha sauti, usiku umeme utapita chini ya ziwa mpaka Uvira. Mama Benite, ndugu zako watachaji simu na umeme yetu.

— Wachaji, alisema Mama Benite bila kucheka. — Mi nauliza kitu ingine. Batri ikinywa maji, inafanya nini?

Cheche alipuliza kahawa yake, na ilishapoa.

— Cheche, nauliza we. Ni we ulisema hata tone.

— Mama Benite, usianze. Kizuri chajiuza.

— Kizuri hakipakwi chokaa! Hapa ku ukuta kulikuwa alama ya matope. Mi naijua, mvua ya mwaka jana nilitoka na godoro ku kichwa, Benite ku mugongo. Sasa walete mabatri nyuma ya kitanda yangu, maji iingie mule, batri iwake. Mi na mutoto tutakimbilia wapi?

— Yebaba we! Cheche aliweka kikombe chini. — Unataka hawa batu waende? Umeme inakatika, mashine yangu inakufa. Jenereta ninayo, mazutu ya kuitilia haipatikani. Mlango wa mteja wa Gasenyi uko nusu tangu Pasaka, ananitukana ku simu. Hawa wakienda mi nafunga atelie, narudi Bururi kulima na hii mikono. We utakuja kunisaidia kulima?

— Nitakuja. Nikiwa hai.

Nilimhurumia Cheche, siwezi kuficha. Na nilimkasirikia, kwa sababu alitufanya sote waongo bila kutuuliza.

— Waambie tu kweli, nikasema.

— Waambie we!

— Maji ukiyavulia nguo... alianza Waziri.

— Nyamaza na maji yako! Cheche akamkatiza.

Hapo gari likasimama. Akashuka mwanamke amevaa buti na kofia ya kazi, akatusalimia kwa mkono, mmoja mmoja, kwa heshima. Alijitambulisha, Joëlla, ndiye ingénieur. Cheche akaruka chini akamtembeza kiwandani, tukamsikia anasifu kila kitu kama mtu anayeozesha binti. Walipotoka, uso wa yule dada ulikuwa umeridhika.

— Mahali ni pazuri, alituambia. — Laini ya umeme iko karibu, sakafu ni ngumu, lori linageuka vizuri. Na maji mlisema hayafiki.

— Hata tone, alisema Cheche, ila safari hii sauti ilikuwa ndogo.

— Keti kwanza, mwanangu, unywe kahawa, alisema Mama Benite.

Joëlla akajaribu kupanda benchi, akashindwa. Docteur akamshika mkono, Cheche akampa goti, akapanda. Akapokea kikombe. Kisha akatazama buti zake zinavyoning'inia, akatazama miguu yetu, yote iko hewani.

— Samahani, wazee wangu. Kwa nini benchi yenu iko juu hivi?

Ehe. Waziri, mwenye jibu la kila kitu duniani, alitazama ndani ya kikombe. Docteur alifuta kofia yake ya pikipiki, na ilikuwa safi. Mimi nilimtazama Mama Benite, naye aliinua birika, akaliinamisha, halikutoa kitu.

Cheche aliingia ateliani kwake, karakana iliyo hapohapo jirani. Nilidhani amekimbia. Akarudi na ile brosi ya nyaya anayosugulia kutu, akapiga magoti ukutani pembeni ya benchi, akaanza kukwangua chokaa yake mwenyewe. Vumbi jeupe likamjaa nyusi. Alikwangua mpaka matope yakaonekana, mstari mrefu wa kahawia, chini kidogo ya pale tulipokalia.

Joëlla aliteremka, akatoa futi yake ya kupimia. Cheche akashika mwisho wake bila kuombwa.

— Madame, alisema, hajainua macho. — Miguu ya chuma, ya kuinua hizo batri juu ya hapa, mi naweza kuchomelea. Nipate umeme tu.