Nie Suyun na Uji wa Mgodini

Wasikilizaji wapendwa, kama mko mezani bado, msiinuke kwanza. Leo tunamkumbuka Nie Suyun. Tulimzika juzi asubuhi, upepo wa jangwani ukitujaza mchanga machoni. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Kwa miaka thelathini na mmoja, Suyun alipika uji wa mgodi wetu wa Heishagou.

Uji huo si wa kunywa, wasikilizaji. Ni mchanga, saruji na maji. Wachimbaji wakishatoa mawe ya nikeli, linabaki shimo, na mwamba wetu ni laini, shimo haliachwi wazi. Basi uji unateremshwa kwa bomba, unajaza shimo, unakauka, unakuwa mgumu. Kisha watu wanakwenda kuchimba chini yake. Yaani uji wa mwaka jana ndio paa la mwaka huu.

Na Suyun, mpishi mwenyewe, kwa miaka mingi hakuwahi kuliona paa hilo. Miaka ile wanawake hawakushuka mgodini.

"Jambo hilo lilimkera sana," anasema binti yake, Pang Yulin. "Mama alikuwa mtu wa kuuliza. Hata tikiti maji hanunui mpaka ajue lililalia ubavu gani shambani."

Mdogo wake Suyun, Nie Sugen, alikuwa mchimbaji. Kila alipokuja kula tambi kwa dada yake, alihojiwa kama mshtakiwa.

"Paa likoje?"

"Liko juu."

"Sugen, nakuuliza vizuri."

"Na mimi nakujibu vizuri, dada. Paa liko juu, mimi niko chini. Nisogezee pilipili."

Vuli ya mwaka 1984, Sugen alivua koti mlangoni akalikung'uta. Mchanga ukamwagika sakafuni. Suyun akachuchumaa, akausugua kwa vidole. Mchanga mtupu. Hata vumbi la saruji halikuwemo.

"Huu umetoka wapi?"

"Paani, handaki la saba. Pale ulipokuwa mdomo wa bomba, linatutemea mchanga kutwa."

Kesho yake Suyun alikwenda kwa mhandisi wa kujaza mashimo, Bwana Kang. Mhandisi akamwonyesha matofali ya majaribio. Kila siku walichota uji mtamboni, pale unapochanganywa, wakaumimina kwenye vibweta, wakaupima ukishakauka. Yalikuwa magumu kama jiwe.

"Uji ni ule ule," akasema Kang. "Unataka nini tena?"

"Nataka kujua unafanya nini ukishatoka kwenye bomba."

Jibu akalitafuta mwenyewe. Alichukua hori la bati, refu, la kunyweshea kondoo. Akachanganya uji wenye maji mengi, kama wa mtamboni, akaumimina upande mmoja tu. Siku kumi hori lilikaa karibu na jiko, watu wa nyumbani wakiliruka wakipita. Siku ya kumi na moja akalifunga kwenye baiskeli, akalipeleka ofisini.

Kang alicheka. "Dada Nie, umeniletea chakula cha mifugo?"

"Bonyeza hapa."

Kang akabonyeza pale ulipomiminwa uji. Kidole kikazama. Akabonyeza ncha ya pili. Pagumu kama sahani. Mchanga ni mzito, ulikuwa umetua karibu. Maji yalikuwa yameichukua saruji, yakaenda nayo mbali. Na yale matofali ya majaribio? Yalichotwa mtamboni, kabla uji haujasafiri.

Kang aliacha kucheka. Alishuka mgodini siku hiyo hiyo. Alipopanda, alifunga handaki la saba.

Msidhani Suyun alishangiliwa. Kikosi cha Sugen kilihamishiwa handaki lenye maji hadi magotini. Kwenye bwalo la chakula wakamwandama: "Mpishi, vipi, uji haujaiva?" "Paa lako linakusalimu, dada, bado limesimama!" Sugen alinuna, akaacha kwenda kula kwake. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Suyun mwenyewe akaanza kujiuliza kama alikosea.

Siku ya kumi na tisa, saa sita mchana, Sugen alitokea mtamboni. Uso mweusi kwa vumbi, kofia mkononi.

"Dada, limeshuka."

"Kulikuwa na nani?"

"Hakuna mtu."

Suyun aliketi juu ya mfuko wa saruji. Kisha akauliza, "Limeshuka upande gani?"

Sugen anasema yeye mwenyewe alicheka mpaka akalia. Upande wa bomba, wasikilizaji.

Kang ndiye aliyemshusha Suyun mgodini, mara yake ya kwanza. Suyun alipita kando ya ukuta akigusa tabaka moja moja, taa ikiwa karibu na pua. "Kumbe ndivyo unavyolala," aliuambia ule uji. Wanaume walimngoja karibu saa nzima.

Iliwachukua Suyun na Kang miaka mitatu kupata uji mzito zaidi, ambao mchanga na saruji yake haviachani njiani. Bomba liliziba mara nyingi, na kila lilipoziba alilaumiwa yeye. Na uji wa majaribio ukaanza kuchotwa kule chini, mwisho wa safari.

Mwezi uliopita, hospitalini, mgonjwa wa kitanda cha jirani alifungwa plasta ngumu, ile ya unga na maji, kwenye mguu uliovunjika. Yulin anasema mama yake, sauti ikiwa imekwisha, alimvuta nesi mkono. "Binti yangu, hapo mmetia maji kiasi gani?" Nesi hakujua. Akaenda kuuliza, akarudi na jibu. Suyun akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Tunatoa pole kwa Yulin, kwa Mzee Sugen, na kwa wote wa mtamboni. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini jambo moja: kazi ya mikono yenu inafika wapi ikishawatoka, na kuna nani chini yake? Kama hamjui, kesho ulizeni.